Diski ‘bwana’ na diski ‘mtumwa’: Istilahi iliyotupotosha

Istilahi hupimwa vipi? Darasani wanaisimu tuna majibu mengi: iwe fupi, iwe sahihi, ifuate sarufi ya lugha, ikubalike kwa watumiaji. Desemba iliyopita, katika kibanda cha fundi nyuma ya stendi ya magari mjini Homa Bay, nilipata kipimo kingine. Istilahi ipimwe pia kwa yale anayoyatenda mtu aliyeiamini.

Nilikuwa nimeandamana na mwalimu wa shule moja ya sekondari ya huko kwetu. Alibeba kompyuta kuukuu ya mezani, sanduku zito la aina ambayo shule nyingi za mashambani zilianzia. Ndani yake mlikuwa na diski yenye rekodi za wanafunzi za miaka tisa: alama, karo, majina ya wazazi. Mwalimu alikuwa ameongeza diski ya pili ili anakili rekodi hizo kabla mashine haijakata roho. Tangu aiunganishe, kompyuta haikuiona hata moja. Shuleni walishaanza kusema kwamba rekodi zimepotea.

Fundi, kijana wa miaka thelathini hivi, alifungua sanduku, akachungulia, akacheka.

“Mwalimu, hapa umeweka mabwana wawili.”

“Ningefanyaje?” mwalimu akajitetea. “Nikiifanya hii ya zamani mtumwa, hii mpya si itaiamuru ifute rekodi? Na nikiifanya mpya mtumwa, itaandikaje kitu bila ruhusa? Nikaona heri zote zibaki mabwana.”

Kisha akatoa karatasi ya maagizo mfukoni. Karatasi hiyo niliifahamu. Niliitafsiri mimi mwenyewe mwaka 2006, kwa ombi la walimu waliotaka mwongozo wa Kiswahili wa kutunza kompyuta zao. Maneno ya Kiingereza yalikuwa ‘master’ na ‘slave’. Nikaandika ‘bwana’ na ‘mtumwa’, nikaridhika, nikalala. Kwa hiyo uhakiki wa leo ni uhakiki wa kazi yangu mwenyewe.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana hapo ndipo nilipopaswa kuanzia wakati ule. Katika kompyuta za zamani zilizotumia teknolojia ya ATA, ambayo mafundi wengi huiita IDE, diski huunganishwa na bodi kuu kwa waya mpana, bapa kama utepe. Utepe huo una nyuzi 40, au 80 katika matoleo ya baadaye, ambapo 40 za ziada ni za kutuliza mwingiliano wa mawimbi tu. Ukingo mmoja huwa na mstari, mara nyingi mwekundu, kuonyesha upande wa pini ya kwanza. Utepe mmoja hubeba diski mbili, si zaidi. Kwa kuwa zote mbili hupokea ishara zilezile kupitia nyuzi zilezile, lazima kila moja ijue zamu yake. Kazi hiyo hufanywa na kikofia kidogo cha plastiki, ambacho mafundi hukiita jampa, kinachochomekwa nyuma ya diski. Zote mbili zikijiona za kwanza, zote hujibu kwa pamoja na kompyuta haisikii lolote la maana. Fahali wawili, wahenga walishasema, hawakai zizi moja.

Je, katika mpangilio huo nani humwamuru nani? Hakuna. Diski inayoitwa bwana haiitumi ile nyingine popote, haiinyimi ruhusa wala haiifutii kitu. Zote mbili hupokea amri kutoka kwenye bodi kuu, kila moja ikiitwa kwa nambari yake. Ndiyo maana viwango rasmi vya ATA vyenyewe vilizungumzia kifaa 0 na kifaa 1. ‘Bwana’ na ‘mtumwa’ yalikuwa maneno ya mazoea ya wahandisi na watengenezaji. Mimi nilitafsiri mazoea nikidhani natafsiri maana. Mwalimu yule hakukosea kusoma. Alifikiri sawasawa kabisa kutokana na neno nililompa, na neno likamfikisha pabaya.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni zito zaidi, nalo linahusu historia.

Kimuundo, ‘mtumwa’ ni neno lisilo na hatia. Mzizi wake ni -tum-, kiambishi -w- kinaonyesha kauli ya kutendwa, hivyo mtumwa ni ‘aliyetumwa’ tu. Mzizi huohuo ndio uliotupa ‘mtume’ na ‘mtumishi’. Lakini maneno hayaishi katika mofolojia peke yake. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na katika pwani ya Kenya utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1907, yaani katika umri wa mababu zetu. Lugha hii ilikuwepo. Ilitumika kuwanunua watu na kuwauza. Mwingereza anaposema ‘slave’ juu ya kipande cha chuma huenda asisikie kitu. Mswahili hawezi kusema ‘mtumwa’ kwa wepesi huo, kwa sababu neno bado lina moto. Nalo ‘bwana’ lina matatizo yake: ni mmiliki, ni mume, ni njia ya kumwita mtu kwa heshima. Mwanafunzi atashika lipi?

Wenye lugha ya asili nao wamelitilia shaka jozi hilo. Mwaka 2003 idara moja ya Kaunti ya Los Angeles kule Marekani iliwaandikia wauzaji wake wa vifaa ikiwaomba waache kutumia lebo hizo. Walichekwa sana. Lakini kufikia mwaka 2018 watunzaji wa lugha ya programu ya Python walikuwa wanayaondoa maneno hayo katika nyaraka zao. Sisi tuliyaingiza kwetu bila hata kujadiliana.

Nirudi kibandani. Nilimuuliza fundi yeye huwaelezaje wanagenzi wake. Akaunyoosha ule utepe juu ya meza.

“Jaduong’, mimi situmiagi hayo maneno. Hii ni dala. Hii ncha ya buluu inaingia kwa bodi, hiyo ni rangach. Huku mwisho, hii nyeusi inayoangaliana na rangach, ni kwa mikayi. Hii ya kijivu ya katikati ni kwa nyachira. Ukiwa na diski moja tu, unaijengea kwa mikayi kwanza.”

Kwa msomaji asiyejua Kijaluo: dala ni boma, rangach ni lango lake, mikayi ni mke wa kwanza na nyachira ni wa pili. Kwa mila, nyumba ya mikayi hujengwa kwanza, na mlango wake hulitazama lango.

Sarufi ya fundi ingeweza kusahihishwa, lakini dhana yake haikuhitaji kalamu yangu. Katika tepe za nyuzi 80, diski zikiwekwa katika hali ya kuuachia waya uamue, ndivyo mambo yalivyo hasa: ncha nyeusi ya mwisho ni ya diski ya kwanza, kiungo cha kijivu ni cha pili, na ile ya buluu ni ya bodi. Ukiwa na diski moja unaiweka mwisho, kwa sababu ncha inayoning’inia bure hurudisha mawimbi na kuvuruga mawasiliano. Kilichonivutia zaidi ni kwamba sitiari ya boma haidai kwamba mke mmoja humwamuru mwenzake. Inasema nani ametangulia na nani yuko wapi. Diski nazo hutofautiana kwa mahali na zamu tu.

Je, tuandike ‘mikayi’ katika kamusi za Kiswahili? Sidhani. Msomaji wa Lamu au Tabora hataliona boma hilo akilini. Tukisema ‘bi mkubwa’ na ‘bi mdogo’ tutakuwa tumebeba ugomvi wa uke wenza, na dada zetu wana haki ya kuuliza kwa nini kila kinachopangwa kwa daraja kifananishwe na wao. Tena boma linaweza kuwa na mke wa tatu, ilhali utepe haumpokei.

Pendekezo langu ni jepesi: ‘diski ya kwanza’ na ‘diski ya pili’. Halina madoido, lakini linasema kweli, na linaafikiana na viwango rasmi kuliko tafsiri yangu ya 2006.

Mtu atauliza: kwa nini tusumbuke, ilhali tepe hizo zimepitwa na wakati? Ni kweli kwamba tangu mwaka 2003 teknolojia ya SATA imeleta waya mwembamba unaobeba diski moja tu, hivyo hakuna tena wa kwanza wala wa pili. Lakini jozi lilelile limehamia kwenye hifadhidata na mitambo mingine, na vijana wetu wanaendelea kulitafsiri kama nilivyolitafsiri mimi, neno kwa neno, bila kufungua sanduku.

Tuundapo istilahi tumekuwa tukikaa vyumbani na kamusi mbili, moja huku, nyingine kule. Fundi hatumwalikagi.

Kijana yule alihamisha kikofia kimoja. Kompyuta ikawaka, diski zote mbili zikaonekana, na majina ya wanafunzi yakaanza kunakiliwa. Mwalimu aliazima kalamu yangu, akayakata maneno mawili kwenye ile karatasi, akaniuliza aandike nini badala yake.