Alama 19 za Bergen na simu ya Kakuma

Kipimo cha Bergen cha uraibu wa mitandao ya kijamii kina maswali 6 tu. Kilianzia Norway, ambako Cecilie Schou Andreassen na wenzake waliwapa wanafunzi 423 maswali 18 kuhusu Facebook, matatu kwa kila dalili ya uraibu, kisha wakabakiza swali lililopima vizuri zaidi kila dalili. Matokeo yalichapishwa 2012. Baadaye Facebook iliondolewa, ikawekwa mitandao ya kijamii kwa jumla. Mhojiwa hujipa alama 1 hadi 5 kwa kila swali, akiufikiria mwaka uliopita.

Mpaka wa hatari unaonukuliwa sana ni alama 19. Huo ulitoka Hungary, katika utafiti wa 2017 uliohusisha vijana 5,961 na kuona asilimia 4.5 wako hatarini. Kwa vijana wa Hungary, ni kazi ya kuaminika.

Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni habari nyingine. Swali moja huuliza ni mara ngapi mtu huwaza mitandao au kupanga kuitumia. Kijana wa Longech, kwenye Ghuba ya Ferguson, anayelipia kuchaji simu dukani hana budi kupanga: lini aichaji, anunue bando la kiasi gani, amtumie nani ujumbe kwanza. Anajipa alama ya juu kwa sababu ya uhaba.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyo Turkana pia, mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianzisha Bamba Chakula, mpango ulioingiza sehemu ya mgao kwa simu. Simu hiyohiyo ndiyo yenye WhatsApp, inayomuunganisha mkimbizi na ndugu aliyehamia Marekani au aliyebaki Juba. Swali jingine huuliza kama mtu huhangaika anapozuiwa kuingia mtandaoni. Mama ambaye hajasikia sauti ya mwanawe wa Juba atahangaika, na ana haki ya kuhangaika. Kumhesabu mraibu ni kumkosea.

Wataalamu wa takwimu hulipima tatizo hili kwa ngazi. Kwanza huangalia kama maswali yote yanashikana kwa namna moja katika kila jamii. Pili, kama kila swali lina uzito uleule. Tatu, kama watu wenye uraibu sawa hutoa jibu sawa. Ngazi ya tatu ndiyo inayoruhusu kulinganisha wastani wa mji wa Lodwar, Turkana, na wa Oslo, na ndiyo inayovunjika upesi.

Uchambuzi wa 2021 uliokusanya sampuli 63 kutoka nchi 32 ulikuta asilimia 31 ya uraibu katika jamii zinazothamini ujamaa, na 14 katika zile za kila mtu kivyake. Kabla ngazi ya tatu haijathibitishwa, pengo hilo laweza kuwa la watu au la kipimo chenyewe.

Uganda ilionyesha njia. Kabla ya jaribio la tiba ya sonona lililochapishwa 2003, kundi la Paul Bolton liliwauliza kwanza wanakijiji wa Masaka na Rakai waeleze wenyewe huzuni inayolemaza, ndipo dodoso likarekebishwa. Kwa simu, kazi ingeanzia Turkana, kwa wavuvi wa Kalokol na vijana wa Kakuma: wataje wenyewe dalili za mtu aliyetekwa na simu, wasomewe maswali 6 na kueleza walivyoyaelewa, kisha majibu ya Lodwar na Kakuma yalinganishwe yenyewe kwa yenyewe kabla ya kupelekwa kokote.