Wimbo na Mazungumzo ya Mpira Redioni: Uhakiki wa Lugha Isikiwayo Tarime na Serengeti

Huko Marekani imetokea mara nyingi kwamba kituo cha redio kilichojulikana kwa muziki hugeuzwa kikawa kituo cha mazungumzo ya michezo. Katika mji wa New York kituo cha WHN, kilichokuwa kikipiga muziki wa watu wa mashambani, kiligeuzwa tarehe 1 Julai 1987 kikaitwa WFAN, na tangu siku hiyo mazungumzo yake yakawa ya michezo mchana na usiku. Katika mji wa Boston kituo cha WBCN, kilichopiga muziki wa roki tangu mwaka wa 1968, kilikomeshwa mwezi wa Agosti 2009, na katika mpango uo huo kampuni iliyokimiliki ikaanzisha kituo cha michezo. Wapenzi wa roki walisikitika sana. Lakini sikitiko lao lilikuwa la sauti na kumbukumbu, halikuwa la lugha. Kwa kuwa nyimbo zilizoondoka zilikuwa za Kiingereza, na maneno yaliyokuja badala yake yalikuwa ya Kiingereza vilevile.

Tanzania badiliko hili halikuja kwa siku moja. Limeingia saa baada ya saa, bila ya kituo kubadili jina. Clouds FM, kituo kilichosifika kwa kuukuza muziki wa kizazi kipya, kina kipindi chake cha Sports Extra. EFM, iliyoanza mwaka wa 2014, ina Sports HQ. Wasafi FM, iliyozaliwa katika nyumba ya muziki khasa, ina Sports Arena. Saa ambazo zamani zilikuwa za nyimbo na salamu sasa ni za wachambuzi wa mpira. Mkazi wa Dar es Salaam akilitazama jambo hili huliona kuwa ni suala la mapenzi tu: huyu apenda muziki, yule apenda mpira. Lakini katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, jambo hili lina uzito mwingine. Huko, wimbo unapoyapisha mazungumzo, lugha moja huipisha lugha nyingine.

Sababu yake yapatikana katika historia ya utangazaji wenyewe. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka wa 1951. Mwaka wa 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Na mwaka wa 1965 utangazaji ukawekwa moja kwa moja chini ya Serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika miaka hiyo yote Kiswahili kilikuwa ndicho lugha ya habari, ya mafunzo na ya hotuba. Lugha za makabila hazikupewa taarifa ya habari wala mazungumzo. Zilipewa mlango mmoja tu, nao ni wimbo. Mafundi wenye mitambo ya kunasa sauti walipelekwa mikoani kukusanya ngoma, na ngoma hizo zilipopigwa redioni, mtangazaji alieleza kwa Kiswahili zilikotoka, kisha akanyamaza, na watu wakaimba kwa lugha yao. Kwa muda wa dakika chache lugha ya nyumbani ilisikika nchi nzima, nayo haikuvunja amri yoyote, maana ilivaa vazi la muziki.

Wilaya hizi mbili zilikuwa na cha kupitisha katika mlango huo. Wakurya wanalo litungu, ala ya nyuzi 8 yenye sauti nzito, ambayo mpigaji wake si mwanamuziki tu bali ni mtunza habari: huwataja watu na koo zao, husifu ng'ombe na wenye ng'ombe, hukumbusha safari na misiba. Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye wa pande za Mugumu nao wana nyimbo zao za kazi, za jando na za harusi. Maneno ya nyimbo hizo aghalabu ni ya kale kuliko maneno ya mazungumzo ya kila siku, na kwa mchunguzi wa lugha ni hazina. Wimbo ukikaa kimya, si tuni peke yake inyamazayo.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua njia kwa vituo vya watu binafsi, lakini haikuongeza mlango wa pili kwa lugha hizi. Kanuni za maudhui za mwaka 2005 zilitaka kila kituo kitumie lugha rasmi, yaani Kiswahili na Kiingereza, isipokuwa pale kibali kimetolewa. Ng'ambo ya pili ya mpaka, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Nchini Kenya, tangu Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikikuyu mwaka wa 2000, vituo vya lugha za makabila vimekuwa vingi. Na kwa kuwa mawimbi ya redio hayaonyeshi pasi Sirari, lugha iliyo ndugu ya Kikurya, yaani Kigusii cha Egesa FM, haiko mbali na sikio la Tarime. Haifai, hata hivyo, kuilaumu kanuni ya Tanzania pasipo kuipa haki yake. Nia yake ilikuwa kujenga taifa lenye ndimi nyingi na sauti moja, na yaliyotokea Kenya baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, ambapo baadhi ya matangazo ya lugha za makabila yalituhumiwa kuchochea chuki, yalionyesha kwamba hofu hiyo haikuwa ya bure. Jambo la kutazamwa hapa ni dogo kuliko sera nzima: maadamu wimbo ndio mlango pekee, kila saa inayotolewa kwa wimbo ikapewa mazungumzo ni saa ambayo mlango umefungwa. Je, kinachokuja badala yake chastahili bei hiyo?

Ili kulijibu swali hili yapasa kwanza kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna kuutangaza mchezo wakati uchezwapo, na kuna kuuchambua mchezo ulipokwisha au kabla haujaanza. Hivi si ndugu wa baba mmoja kwa upande wa lugha.

Utangazaji wa mchezo ni sanaa ya kweli ya masimulizi. Tangu zama za Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya na za Charles Hilary wa Radio Tanzania, ambao wote wawili wamefariki dunia mwaka wa 2025, wasikilizaji walikwenda uwanjani kwa masikio. Mtangazaji hodari huzitumia nyakati za vitenzi kama azitumiavyo mtunzi wa utendi. Mpira ukienda taratibu husema kwa wakati wa -na-. Ukienda mbio huacha -na- akashika -a- fupi, apokea, ageuka, atoa. Na bao likiisha kufungwa, hurudi nyuma kusimulia kwa -ka- jinsi lilivyopatikana. Mtoto wa Mugumu ambaye nyumbani hasemi Kiswahili hujifunza mpango huu pasipo mwalimu, kwa kuwa ana hamu ya kujua mpira uko wapi. Kadhalika matumizi ya mahali, ambayo ni magumu kwa mgeni wa lugha, huja yenyewe: langoni kumechemka, pembeni hapapitiki, katikati mmejaa watu. Ni vigumu kutaja somo la sarufi lililosikilizwa kwa moyo mkunjufu kama hili.

Msamiati wake nao una sifa. Maneno ya zamani yamepewa kazi mpya pasipo kuharibiwa. Kiungo, ambacho ni maungio ya mwili, amekuwa mchezaji aunganishaye ulinzi na ushambulizi. Mkwaju, ambao ni mti na tena ni fimbo, umekuwa pigo kali la mguu. Kanzu imekuwa mpira upitishwao juu ya kichwa cha mpinzani, kana kwamba amevishwa vazi. Hata pale wazo lilipotoka ugenini, kama eneo la yadi 18 mbele ya lango, watangazaji waliligeuza kuwa «ndani ya kumi na nane», na kila msikilizaji akaelewa. Haya yote yamefanywa na vinywa vya watu wa kazi, wala hayakungoja kamati yoyote.

Uchambuzi ni habari nyingine. Hapa hakuna mpira unaokimbia, kwa hiyo hakuna kinachoubana ulimi useme jambo kwa ufupi. Kwa sababu hiyo maneno hujaa maji. Kitenzi -weza, kisichokuwa na kosa lolote, huchomekwa kila mahali: timu «imeweza kufanikiwa kupata» ushindi, badala ya kushinda. «Mwisho wa siku» husemwa asubuhi na jioni kwa maana isiyohusu siku wala mwisho wake, kwa kuwa ni Kiingereza kilichovaa kofia ya Kiswahili, ilhali lugha inayo «hatimaye» na «mwishowe». Sentensi huanza kwa Kiswahili, ikapita Kiingereza, ikarudi imechoka. Msikilizaji wa Dar es Salaam ana mahali pengi pa kukisahihisha Kiswahili hicho. Yule wa kijiji cha Serengeti ambaye redio ni msikiti wake na shule yake ya lugha hupokea yote kama yalivyo, akiyadhani ndiyo adabu ya watu wa mjini.

Liko neno jingine linalostahili kuchunguzwa. Mazungumzo ya michezo siku hizi huendeshwa kwa matangazo ya makampuni ya kubahatisha, na pamoja na fedha zao umekuja msamiati wao. Mkeka, kitu cha kukalia wageni, cha kuswalia na cha kumlazia maiti, sasa ni orodha ya mechi alizozitabiri mcheza kamari. Na akipoteza, husemwa mkeka wake umechanika. Kama sitiari, neno hili ni zuri, na mhakiki hana budi kukiri uzuri wake. Lakini uzuri huo ndio uifanyao kamari ionekane kuwa ni jambo la nyumbani. Lugha iliyoitoa kanzu kwa ajili ya mchezo imetoa mkeka kwa ajili ya hasara, na mzungumzaji wa redio alipwaye kwa kuutaja hawezi kuwa shahidi mwaminifu wa mechi anayoichambua.

Pamoja na kasoro hizo, uchambuzi una faida moja ambayo katika Tarime si ndogo. Yanga, iliyoanzishwa mwaka wa 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka wa 1936, huitwa watani wa jadi. Jina hili halikubuniwa na waandishi wa magazeti hivihivi. Limetoka katika utani wa makabila, desturi iliyowaruhusu watu kutukanana pasipo kukasirikiana na kuzikana pasipo kualikana. Katika wilaya ambamo ugomvi wa koo umewahi kumwaga damu, ni jambo la thamani kwamba Mnchari na Mwirege waweza kuwa upande mmoja kwa ajili ya Simba, na ndugu wawili wa ukoo mmoja wakataniana mpaka usiku kwa ajili ya Yanga. Mzaha huo wahitaji lugha isiyo ya ukoo wowote, na lugha hiyo ni Kiswahili. Kwa hili mazungumzo ya mpira yamefanya kazi ambayo wimbo wa litungu, kwa kuwa huwasifu watu wake, usingeweza kuifanya.

Ila utani huo ni wa timu za Dar es Salaam. Hapa ndipo ulipo upungufu mkubwa kuliko wa sarufi. Biashara United ya Musoma ilipopanda Ligi Kuu mwaka wa 2018, na ilipocheza Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka wa 2021, watu wa Mara walikuwa na hadithi yao wenyewe. Timu hiyo ilishinda mchezo wa kwanza dhidi ya Al-Ahli ya Tripoli, kisha ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mchezo wa marudiano, ikatolewa. Mwaka wa 2022 ikashuka daraja. Kisa hicho kina kila kitu anachokitaka msimulizi: tumaini, safari, kizuizi na anguko. Mpigaji wa litungu angekifanya wimbo wa usiku kucha, akitaja majina, mahali na aibu ya kila aliyehusika. Vipindi vya uchambuzi vilikigusa, vikarejea kwa Simba na Yanga.

Tena isidhaniwe kwamba watu wa pande hizi hawana ulimi wa Kiswahili, kwa kuwa baadhi yao husema «gori» kwa «goli» na «kura» kwa «kula», kama lugha zao za kwanza zinavyowaelekeza. Matamshi hayo hufanywa kichekesho redioni, na mchekeshaji husahau kwamba aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili mwaka wa 1963, Julius Nyerere, alikuwa Mzanaki wa Butiama katika mkoa huo huo. Kinachohitajika ni kielelezo chema na nafasi ya kusema, wala si kejeli.

Kwa hiyo hukumu yapasa kuwa ya haki pande zote mbili. Utangazaji wa mchezo umeilipa lugha zaidi ya ilichochukua, na saa zake hazina deni. Uchambuzi bado una deni, tena mara mbili: kwa Kiswahili, kwa kukisema ovyo, na kwa lugha za Tarime na Serengeti, kwa kuziba mlango wao pekee pasipo kuleta habari zao. Deni hilo halidai kufutwa kwa vipindi. Ladai mchambuzi ajifunze kusema «wameshinda» walioshinda. Azungumze juu ya viwanja vya Tarime na Mugumu kama azungumzavyo juu ya uwanja wa Mkapa. Na kabla ya kipindi kuanza na baada ya kwisha, ambapo kwa desturi hupigwa muziki wowote uliopo, ziwekwe nyuzi 8 za litungu pamoja na maneno yake. Kanuni hairuhusu Kikurya kuchambua mpira. Hakuna kanuni inayokikataza kuufungulia wimbo.