Mota, Rafadha na Povu: Uhakiki wa Istilahi za Ndege za Kuongozwa kwa Redio

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake, bali kwa kazi inayoifanya mikononi mwa mtumiaji. Makala haya yanakusudia kupima kwa kipimo hicho maneno yanayojitokeza pale mfasiri anaposhika mwongozo wa ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio, ile anayoanzia mwanafunzi wa urushaji. Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la mchezo. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ilitumia ndege nyepesi za namna hii, zenye rafadha moja kwa nyuma, katika kupiga picha za ramani ya Unguja na Pemba. Na mwaka 2018 Tanzania ilitunga kanuni za usafiri wa anga zinazohusu vyombo hivyo. Chombo kilichokwisha kuingia katika ramani na katika sheria hakina budi kuingia katika lugha kwa majina yaliyo sahihi.

Tuanze na jina la chombo chenyewe. Magazeti yametupa "ndege nyuki". Jina hili limezaliwa kwa kufasiri sitiari ya Kiingereza neno kwa neno, na hata sitiari yenyewe imepotoka njiani, maana Waingereza walimtaja nyuki dume, asiyechuma asali wala kuuma. "Ndege isiyo na rubani" ni afadhali, lakini nalo lina kasoro kubwa: rubani yupo, ila amesimama ardhini. Mtumishi wa serikali anayesoma kwamba rubani hayupo atamtafuta nani ndege ikianguka juu ya paa la mtu? Kanuni za 2018 zenyewe zinazungumzia chombo kinachorushwa na rubani aliye mbali. Kwa hiyo "ndege ya kuongozwa kwa mbali" lina haki zaidi, kwani linamwacha mwenye dhamana aonekane.

Pili ni mota. Pwani ya Kilwa, kama kwingineko pwani, kinachosukuma boti huitwa mashine au injini, na boti lenyewe huitwa motaboti ingawa linatumia petroli. Kwa hiyo wapo watakaosema kwamba mota na injini ni kitu kimoja. Hata hivyo fizikia ya shuleni imekwisha kuvitenga: injini huchoma mafuta, mota huzungushwa na umeme. Utengano huu na udumishwe. Anayechagua mota huuliza habari za volti na mkondo. Anayechagua injini huuliza habari za mafuta. Maswali yakiwa mbalimbali, majina nayo yawe mbalimbali.

Mtego mkubwa kuliko yote umo katika herufi mbili zilizochapwa kwenye mota: KV. Mfasiri mwenye haraka ataandika "kilovolti", na mota ya KV 1000 itageuka kuwa ya volti milioni moja! Kilovolti huandikwa kwa k ndogo, kV. KV ya mota ni idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo mota huipata kwa kila volti moja ikiwa haijabebeshwa mzigo. Mota ya KV 1000 ikipewa betri ya volti 11.1 itaelekea mizunguko 11,100 kwa dakika. Twapendekeza "mizunguko kwa volti", na alama KV ibaki palepale, ili msomaji aitambue anapoiona dukani.

Tatu ni rafadha. Mafundi wengi husema "propela"; wengine husema "pangaboi". Pangaboi hatulikubali hapa, kwa kuwa ni feni ya darini: hiyo husukuma hewa yenyewe ikabaki mahali pake, ilhali rafadha husukuma chombo kiende. Rafadha ni neno la vyombo vya majini lililomo katika kamusi zetu, na kulipandisha angani si kulidhulumu, maana kanuni ni ileile. Rafadha yenye alama 10x6 ina kipenyo cha inchi 10, na kila ikizunguka mara moja ingesonga mbele inchi 6 kama isingeteleza. Umbali huo wa pili tuuiteje? "Mwinamo" hautoshi, kwani huo ni pembe, na hapa kinachopimwa ni urefu. Waarabu husema khatwa, Wafaransa husema pas. Nasi neno tunalo tayari: hatua. Rafadha za boti nazo hupimwa kwa kipenyo na hatua. Kijana wa Tingi aliyeona boti lililosheheni likishindwa kuvuta kwa sababu ya rafadha yenye hatua kubwa mno ameshalijua somo. Istilahi isimfungie mlango.

Nne ni povu. "Ndege ya povu" yachekesha, kwa kuwa povu la sabuni hupasuka. "Sponji" nayo hunywa maji. Twapendekeza "povu gumu", la aina mbili: la kumeguka, kama lile la kufungashia redio na televisheni, na nyumbufu, ambalo hupigwa chini likarudia umbo lake.

Sasa tuyajaribu maneno haya pamoja: "Ndege ya kwanza na iwe ya povu gumu nyumbufu, yenye bawa juu ya kiwiliwili, na rafadha kwa nyuma ili isivunjike ndege ikianguka kifudifudi. Mota yenye mizunguko mingi kwa volti ipewe rafadha ndogo. Yenye mizunguko michache ipewe kubwa. Kipenyo au hatua ikizidi, mota itavuta mkondo kupita kiasi na kuungua." Mwanafunzi akisoma hivyo ataweza kuchagua. Tuweke badala yake kilovolti, pangaboi na povu tupu: atapoteza fedha zake, na lawama ataitupia lugha ya Kiswahili, kumbe mkosaji ni mfasiri.

Basi wafasiri wazingatie jambo moja. Kabla ya kuchagua neno, waulize ni vitu gani ambavyo fundi analazimika kuvitenga anapofanya kazi yake. Istilahi inayochanganya vitu hivyo haifai, hata kama imechapwa katika orodha rasmi.