Maembe Kumi ya Malgudi

Ni likizo, na baba yake Swami hataki mtoto asahau hesabu. Anampa moja: Rama ana maembe kumi, anataka kuyauza apate ana (sarafu ndogo za India wakati huo) kumi na tano, Krishna anataka manne tu. Krishna atalipa kiasi gani? Swami anaisoma, anaisoma tena, na kila akirudia inazidi kumpotea. Mate yanamjaa mdomoni kwa kufikiria maembe. Anawaza Rama ni mtu wa namna gani na kwa nini ameng'ang'ania bei ile. Mwisho anamuuliza baba: hayo maembe yameiva? Baba anabana tabasamu na kumwambia afanye hesabu kwanza, habari ya kuiva ataambiwa baadaye.

Mwandishi mwingine angeishia hapo, tucheke, tuendelee na mengine. R. K. Narayan, mwandishi wa kisa hiki, haondoki. Anabaki chumbani na hao wawili hadi jibu linapatikana, ana sita, na mtoto anaangua kilio. Nimeirudia sehemu hii mara nyingi, na ninachokistahi zaidi ni kwamba mwandishi hajampa yeyote ushindi. Swali la Swami ni la mtu anayejua soko, maana bei ya embe inategemea limeivaje, na muuzaji yeyote atakwambia hivyo. Baba naye yuko sawa, kwa kuwa hesabu haiulizi ladha. Wote wawili wana haki, wako chumba kimoja, na mmoja wao ana mamlaka juu ya mwenzake. Hayo ndiyo maisha ya nyumbani, na yamekaa katika kurasa chache zisizo na hata sentensi moja ya kuyaeleza.

Kitabu ni Swami and Friends, kilichochapwa London mwaka 1935. Narayan alizaliwa Madras mwaka 1906, akalelewa kwa miaka mingi na bibi yake, kisha akaishi Mysore. Nyumbani alizungumza Kitamil, mjini alisikia Kikannada, na vitabu aliandika kwa Kiingereza. Wachapishaji walimkatalia muswada ule hata akamwambia rafiki yake aliyekuwa Oxford autupe mtoni Thames. Rafiki hakuutupa. Aliupeleka kwa mwandishi Graham Greene, na Greene akautafutia mchapishaji. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka hamsini, Narayan aliandika riwaya baada ya riwaya kuhusu mji mmoja wa kubuni kusini mwa India, Malgudi. Mto wake ni Sarayu, milima yake ni Mempi, mtaa wake wa biashara ni Market Road. Kwa sababu mji ni uleule, hakuhitaji kuupamba upya. Mtu akitoka nyumbani kwenda mtoni, msomaji wa zamani anaijua njia, na mwandishi anabaki na nafasi ya kumtazama anayetembea.

Na anajua kutazama. Swami anamtarajia mgeni, Rajam, mtoto wa mkuu wa polisi, mwanafunzi mpya anayevaa vizuri na kuzungumza kama mkubwa. Nyumba nzima inaingia kazini. Swami anaomba atumie chumba cha baba. Anamwagiza mpishi avae nguo safi atakapoleta kahawa. Kisha anamwendea bibi yake, anayemsimulia hadithi usiku, na kumwomba asije mgeni akiwapo. Bibi anauliza kwa nini. Mtoto anamjibu bila kuzunguka kwamba yeye ni mzee mno. Bibi anakubali, tena kwa moyo mkunjufu.

Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Jambo hili ni la kuumiza. Mtoto ameanza kuona haya kwa watu wake, na ameanza na yule anayempenda kuliko wote. Mwandishi mwenye papara angemtoa bibi chozi, au angemfanya Swami ajutie usiku uleule. Narayan anamwacha bibi akubali kwa uchangamfu, na hadithi inarudi kwa mgeni. Maumivu yanabaki kwa msomaji, yule aliyewahi kuwa na bibi, au aliyewahi kuwa huyo mtoto. Ili hilo liwezekane, sentensi lazima iwe nyepesi kabisa. Neno moja la huruma likizidi, jengo lote linaanguka.

Katika The English Teacher cha mwaka 1945, mwalimu Krishna ana saa ya kengele iliyoharibika, inayolia saa yoyote ijisikiayo, na hainyamazi mpaka aikandamize kwa kitabu kinene cha historia ya fasihi. Siku moja mkewe, Susila, anaiuza kwa mnunuzi wa makaratasi makuukuu. Ugomvi wao mkubwa unaanzia hapo. Anayesoma kwa haraka ataona upuuzi. Lakini saa ile ni ya ujana wa Krishna, wa siku za kuishi bwenini peke yake, na mke aliyekuja kuweka nyumba sawa ameiona takataka. Ndoa nyingi zina saa ya namna hiyo. Kisha Susila anaugua homa ya matumbo, na riwaya, bila kubadili sauti, inaanza kuhesabu nyuzi za kipimajoto, ziara za daktari mchangamfu, na dawa kwa saa zake. Mke wa Narayan mwenyewe, naye akiitwa Rajam, alikufa kwa homa hiyohiyo mwaka 1939, akamwachia binti mdogo. Aliyefiwa hivyo angekuwa na haki ya kulia kwenye karatasi. Yeye ameandika ratiba ya mgonjwa.

Wako wasioridhika na utulivu huu. Mwandishi V. S. Naipaul, katika kitabu chake kuhusu India cha mwaka 1977, aliuona kama kuyapa mgongo matatizo ya nchi. Nimelifikiria lalamiko hilo kwa uzito wake, na bado sikubaliani nalo. Katika Swami and Friends, tarehe 15 Agosti 1930, wananchi wanakusanyika kumpinga Mwingereza, na nguo za kigeni zinachomwa moto. Mtu anamsuta Swami kwa kofia yake, naye anaitupa motoni. Baadaye baba anauliza kofia iko wapi, na inabainika kuwa ilikuwa ya khadi, nguo ya Gandhi, iliyofumwa humohumo nchini. Vuguvugu zima la uhuru limeingia nyumba hii kwa mlango wa kofia ya mtoto, likamkuta baba mwenye hasira kwa sababu ndiye aliyeilipia. Nchi ipo kitabuni. Ila imewekwa mahali inapogusa familia, na familia nyingi hukutana na historia mahali hapohapo.

Hata hasira ya Narayan kwa dhuluma za nyumbani inapita njia hiyo. Katika The Dark Room cha mwaka 1938, Savitri anaondoka usiku kwa mume aliyejifungamanisha na mfanyakazi wa ofisini kwake, anajitosa mtoni, anaokolewa na Mari, fundi kufuli ambaye usiku ni mwizi. Anajaribu kuishi kwa jasho lake hekaluni, na hofu pamoja na hamu ya wanawe vinamrudisha. Siku moja Mari anapita barabarani akitangaza kazi yake, bila kujua nyumba ile ni ya nani. Savitri anataka kumwita, ampe maji na chakula. Kisha anajizuia. Anachojiuliza ni nini hasa alicho nacho cha kutoa ndani ya nyumba hii, na jibu ni kwamba hakuna kilicho chake. Sijui kurasa nyingi zilizosema zaidi kuhusu mke asiyemiliki kitu kwa maneno machache hivyo.

Anayetaka kumjua Narayan kwa mara ya kwanza huelekezwa The Guide, kilichompa Tuzo ya Sahitya Akademi mwaka 1960, chenye mapenzi, gereza na ukame. Ni kitabu kizuri. Ningemshauri aanze na kurasa za mwanzo za The English Teacher, kabla homa haijaingia, asome polepole jinsi Susila anavyozungusha mshahara wa mumewe mwezi mzima.