Elektroni Mbili, Basi

Mrina asali wa Mwingi kule Kitui, au wa Kibwezi upande wa Makueni, akifungua mzinga wa gogo uliotundikwa mgungani, hukuta karakana yenye bidhaa mbili. Moja ni asali. Ya pili haionekani kwa macho: hidrojeni peroksidi, ile dawa inayotoa povu ikimiminwa kidondani.

Nyuki hutia kwenye nekta kimeng'enya kitokacho katika tezi za kichwa chake. Kimeng'enya hicho hutwaa elektroni mbili kwenye glukosi na kuipa oksijeni, ikawa peroksidi. Zingekuwa nne, yangetoka maji matupu. Asali ikiiva na kuwa nzito, kazi hiyo husinzia. Ikikutana na unyevu wa kidonda, huamka. Mwaka 1963 Jonathan White na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba nguvu ya asali dhidi ya bakteria, iliyokuwa ikiitwa inhibini, ni peroksidi hiyo.

Mafundi wa elektrodi, wanaotaka kutengeneza peroksidi kwa umeme, nao hukeshea hesabu iyo hiyo: oksijeni ipewe mbili, isiongezwe. Platinamu, kwa ubora wake wote, hushindwa hapa. Atomi zake zimebanana, hivyo molekuli ya oksijeni hulala juu yake, ikashikwa ncha zote mbili na kukatika. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walizitenga atomi hizo kwa zebaki, oksijeni ikapata pa kushika ncha moja tu. Haikukatika, peroksidi ikatoka.

Kaboni, ndugu wa makaa, huelekea kwenye elektroni mbili kwa tabia yake. Fundi huchukua masizi laini, akayachanganya na tefloni ili vitundu visizibwe na maji, kisha akayatandaza yawe utando mwembamba. Upande huu hewa, upande ule maji, vikutane katikati. Tena maji yapite upesi, kwa maana peroksidi ikikawia hapo huongezwa elektroni mbili nyingine, ikaishia kuwa maji.

Kazi hiyo ina faida. Peroksidi nyingi leo hutoka viwanda vikubwa, ikasafirishwa mbali ikiwa kali na ya hatari. Elektrodi njema ya kaboni huomba maji, hewa na umeme, na jua la Ukambani laweza kutoa umeme huo papo hapo penye haja.

Msomaji, ukilamba asali ya Mwingi au ya Kibwezi, ujue kijiko hicho kimebeba kipimo ambacho mafundi hawa wamekifuatia kwa miaka mingi: elektroni mbili, basi.