Mkeka wa Ukindu wa Rufiji: Namna ya Kuutambua Ulio Bora

Barabara ya kusini, inayotoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, hupita Kibiti, halafu Ikwiriri, ndipo ivuke mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 na lililofunguliwa mwaka 2003. Mashariki ya barabara hiyo ndiko iliko delta, ambako mto hugawanyika matawi mengi kabla ya kuingia baharini, katikati ya msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000. Katika nchi hii ya maji na mchanga, akina mama husuka mikeka ya ukindu. Mikeka hiyo hulaliwa, huswaliwa, hutandikwa arusini na msibani, na hupakiwa kwenye mabasi kwenda kuuzwa mjini.

Mwongozo huu ni wa anayenunua, na pia ni wa anayesuka na kuuza, kwa sababu wote wawili hupata hasara mkeka mzuri unapouzwa bei moja na mbaya. Mnunuzi mwenye haraka hutazama rangi kwanza, akaishia hapo. Ninachoshikilia mimi ni kwamba ubora wa mkeka uko kwenye jani na kwenye mshono. Rangi huja baada ya hayo.

Jani

Mkindu huota kando ya mito na kwenye ardhi yenye unyevu, mashina kadhaa pamoja, na makuti yake yana miiba mikali karibu na shina. Msukaji anayejua kazi hutaka kuti changa la katikati, ambalo halijafunguka. Likishafunguka na kukomaa, jani huwa gumu na hukatika likikunjwa. Makuti machanga huanikwa juani mpaka ukijani utoke na weupe ubaki. Yakinyeshewa yakiwa bado uwanjani, au yakikunjwa kabla hayajakauka, hupata madoa ambayo hayatoki tena.

Kwa hiyo mkeka mweupe usio na rangi ndio mtihani mgumu kuliko yote, kwani hauna pa kuficha doa. Ukiona mkeka mzima umetiwa rangi nzito za kiza, bila hata mstari mmoja mweupe, uchunguze zaidi. Huenda ni chaguo la msukaji, na huenda rangi imefunika jani bovu.

Jani hupimwa kwa mkono. Pitisha kiganja juu ya mkeka huku na huku: usikute ncha zinazochoma wala kingo zinazokwaruza. Kunja kona moja taratibu. Ukindu mzuri hupinda na kurudi, na uliozeeka au kuunguzwa na jua hutoa mlio wa kukatika. Kisha unuse mkeka. Mkeka mpya una harufu ya majani makavu. Ukinusa uvundo, ujue ulihifadhiwa ukiwa na unyevu, na kuvu haiko mbali.

Zipo pia dalili zisizoonekana kwenye mkeka wenyewe. Mkataji mwema huchukua kuti moja kwenye shina, akaacha kichwa kizima ili mti uendelee kuchipua. Muulize muuzaji ukindu wake hukatwa wapi na hukatwaje. Anayejibu kwa undani mara nyingi ni yule anayefanya kazi yake kwa undani.

Ukili

Jani lililokauka huchanwa kuwa chane, yaani vipande vyembamba vya upana mmoja, baada ya kuondoa uti na kingo ngumu. Chane hulainishwa kwa maji kidogo, kisha husukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaoendelea kukua mkononi siku baada ya siku. Mkeka ni kili nyingi zilizolazwa sambamba na kushonwa pamoja, hivyo kosa la ukili mmoja huonekana katika mkeka wote.

Tazama mambo manne. La kwanza ni upana: pima ukili kwa vidole mwanzoni, katikati na mwishoni. Ukitanuka na kusinyaa, msukaji alibadilisha mkono au alichanganya chane za upana tofauti. La pili ni mkazo: nyanyua mkeka mbele ya mwanga. Vitundu vya mwanga vilivyotawanyika huonyesha ukili uliolegea. Mara nyingi sababu ni maji, kwani chane iliyolowa kupita kiasi huvimba wakati wa kusuka, na ikikauka hunywea na kuacha nafasi. La tatu ni viungo: chane ikiisha, nyingine huingizwa mahali pake, na ncha za zote mbili hufichwa ndani ya msuko. Geuza mkeka utazame nyuma. Ncha chache zilizokatwa vizuri hazina neno. Ncha ndefu zinazoning'inia ni kazi iliyoachwa njiani. La nne ni mvuto: shika ukili kwa vidole viwili uuvute mshazari kidogo. Uliosukwa vizuri hukataa.

Hapa ndipo hesabu ya kazi inapoonekana. Chukua mkeka wenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 120. Kwa ukili wa sentimita 10, msukaji atahitaji kili 12, ambazo ni mita 24 za kusuka na mishono 11. Kwa ukili wa sentimita 5, atahitaji kili 24, mita 48 na mishono 23, bila kuhesabu upana unaopotea pale kili zinapoumana. Tena ukili mwembamba kwa kawaida husukwa kwa chane nyembamba zaidi, kwa hiyo kila mita hula muda mrefu kuliko mita ya ukili mpana. Mikeka hiyo miwili ina ukubwa mmoja ikitandikwa sakafuni, lakini jasho lake halilingani hata kidogo.

Rangi na nakshi

Zamani rangi zilitoka porini na jikoni. Mizizi ya mdaa hutoa weusi, magome ya mikoko hutoa wekundu wa hudhurungi, na manjano hutoa rangi yake yenyewe, ingawa hiyo hupauka upesi juani. Siku hizi chane nyingi huchemshwa kwa rangi ya unga ya dukani, na si kosa. Rangi ya dukani iliyochemshwa ipasavyo hudumu. Na magome hayachunwi ovyo: mikoko ya delta ni msitu wa hifadhi, na ukanda wote wa Rufiji, Mafia na Kilwa uliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Jaribio la rangi ni rahisi. Lowesha kitambaa cheupe, sugua mahali penye rangi kali, utazame kitambaa. Alama hafifu inavumilika kwenye mkeka wa kukalia. Kwenye msala haivumiliki, kwa sababu mtu atasujudu hapo na nguo nyeupe na uso uliolowa maji ya udhu. Kisha fungua msuko kidogo kwa ukucha uone kama rangi imeingia mpaka ndani ya kunjo. Ikiwa ndani ni peupe, rangi imepakwa juu juu.

Nakshi hupimwa kwa ulinganifu. Mistari, miraba au vipembe vilivyoanza upande mmoja vifike upande wa pili bila kupotea njiani. Mikeka yenye maandishi ndiyo inayodai hesabu kubwa zaidi, maana kila herufi hujengwa kwa kupandisha na kushusha chane, na kosa moja huivunja. Soma maandishi ukiwa umesimama hatua chache. Yakisomeka bila kukisia, aliyesuka ni fundi.

Mshono

Kili hushonwa kwa shazia, sindano kubwa, kwa uzi uliosokotwa kutokana na miyaa au ukindu wenyewe. Katika mshono mzuri, kingo za kili mbili huumana na uzi hupita ndani ya vitanzi vya kingo hizo, hivyo hauonekani juu wala chini. Ukipitisha kidole, unahisi mkeka mmoja, husikii matuta. Nakshi nayo huvuka mshono bila kukatika.

Makosa ya mshono ni mawili na yanapingana. Uliolegea huacha mfereji kati ya kili, vidole vya watoto huingia humo, na mkeka huanza kuachana. Uliobanwa mno huvuta kili mpaka mkeka unakunjamana na kukataa kutulia sakafuni. Omba utandikiwe mkeka chini. Tazama kama kona zinalala zenyewe. Kisha upinde katikati bila kuukandamiza, kona juu ya kona: zisipokutana, mkeka umepinda na hakuna pasi itakayounyoosha.

Siku hizi wapo wanaoshona kwa uzi wa nailoni. Uzi huo hauozi, lakini ni mgumu kuliko jani, na kila mtu anapokaa na kuinuka husugua vitanzi vya ukili. Mimi huchagua uzi wa jani: mshono na mkeka vichakae pamoja. Ikiwa nailoni imetumika, iwe nyembamba na ifichwe.

Malizia kwa pindo. Miisho ya kili hukunjwa na kushonwa, au hufunikwa kwa kitambaa. Kitambaa hakina ubaya ikiwa kimeshonwa kwa mkono kupita tabaka zote. Kivute kidogo uone kama jani linafuata. Kona ndizo hufumuka kwanza, kwa hiyo kila kona iwe imerudiwa.

Kila kazi na kipimo chake

Jamvi la miyaa, linalotandikwa kwenye maulidi na msibani, halihukumiwi kwa ulaini. Miyaa ya mkoche ni migumu kuliko ukindu, na sifa ya jamvi ni uzito, uimara na mishono inayostahimili kukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Msala hudai ulaini mahali pa paji la uso na magoti, na rangi isiyotoka. Mkeka wa kulalia utulie sawa na usiwe na mshono mnene katikati ya mgongo. Kikapu kijazwe kitu kizito na kunyanyuliwa, utazame vishikio na kitako. Kawa iwekwe juu ya sinia: ikiyumba, nzi watapita. Mikoba inayotengenezwa kwa ajili ya mjini, yenye bitana na zipu, ichunguzwe pale kitambaa kinapokutana na ukili, maana hapo ndipo fundi asiye mvumilivu hutumia gundi badala ya sindano.

Bei

Rahisi huvunja upishi. Mkeka wa plastiki ni mwepesi, huoshwa kwa maji, na kwa jamii nyingi umekuwa msaada. Hauna haja ya kulaumiwa. Lakini bei yake isiwe kipimo cha ukindu. Unaponunua mkeka wa mkono, unalipia kukata, kuanika, kuchana, kutia rangi, kusuka na kushona. Msalimie muuzaji kwanza, kisha uulize: "Mama, mkeka huu umekaa nao siku ngapi?" Bei anayotaja igawanye kwa siku hizo. Ukikuta malipo ya siku hayatoshi hata mlo, usishushe bei. Mafuriko ya mwaka 2024 yalifunika mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, na katika miaka kama huo kazi ya mkono hubeba nyumba.

Kupatana bei ni halali, lakini kuna adabu yake. Taja kasoro uliyoiona, si kasoro ya kubuni. Msukaji anajua kazi yake; ukimwonyesha mshono uliolegea kweli, atapunguza. Ukibeza mkeka mzuri ili uupate kwa bei ya bure, umemfundisha asuke vibaya.

Kwa anayeuza

Panga mikeka kwa madaraja: ukili mwembamba peke yake, ukili mpana peke yake, na wenye kasoro useme kasoro yake kabla mteja hajaiona. Shika vipimo visivyobadilika ili anayeagiza kwa simu apate alichoagiza. Unapopiga picha, piga mchana, na upige nyuma ya mkeka pia, kwa sababu mnunuzi mjuzi ataiomba. Andika jina la msukaji kwenye kipande cha kitambaa ukishone pembeni. Mkeka wenye jina humrudisha mteja kwa aliyeusuka, na mchuuzi wa katikati hawezi kuuchanganya na mwingine. Maonesho ya Sabasaba, kila Julai jijini Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuona wanunuzi wanashika nini na wanaacha nini, na SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, ni mlango wa kubisha kwa kikundi kinachotaka mafunzo.

Kuutunza

Mkeka huviringishwa. Ukikunjwa kama shuka huvunjika kwenye kunjo. Ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uanike kivulini penye upepo, na jua kali liwe la muda mfupi. Usiuegemeze kwenye ukuta wenye unyevu wala kuuweka juu ya udongo, kwani mchwa haulizi bei.

Ukisimama Kibiti au Ikwiriri, basi, usichukue wa kwanza uliokuvutia macho. Omba mitatu, uigeuze yote, uinyanyue mbele ya mwanga, upitishe kidole kwenye mishono. Ukiupata ule ambao mshono wake huuoni, lipa anachotaka aliyeusuka, na umwambie kwa nini umemlipa.