Nafasi Ndani ya Mdundo: Jinsi DJ Krush Alivyokifanya Kinanda cha Santuri Kuwa Ala

Kazi ya Hideaki Ishi, mtayarishaji wa muziki wa kielektroniki na DJ wa Tokyo ajulikanaye kwa jina la DJ Krush, hueleweka vyema zaidi ikisomwa kama jibu refu la swali moja la kiufundi, nalo ni hili: mdundo uliotengenezwa kwa vipande vya santuri za watu wengine upangwe vipi ili mkono wa DJ uweze kuingia ndani yake papo hapo, kama mpiga tarumbeta anavyoingia katika wimbo unaopigwa na wenzake? Imekuwa desturi kuueleza uchache wa sauti katika muziki wake kwa kutaja bustani za mawe, mahekalu na falsafa ya Zen, lakini maelezo hayo, pamoja na uzuri wake, hayamwonyeshi msikilizaji ni sauti ipi iliyoondolewa, iliondolewa mahali gani katika kipimo cha muziki, na kwa ajili ya nani. Uchache huo ni mbinu ya upangaji, na asili yake iko katika vyombo alivyojifunzia.

Ishi alizaliwa mwaka 1962, akaacha shule mapema na kupitia miaka ya ujana katika magenge ya Tokyo. Mwaka 1983 filamu ya Wild Style, iliyoongozwa na Charlie Ahearn na kuonyesha maisha ya vijana wa hip-hop wa New York, ilifika Japani pamoja na baadhi ya wasanii wake, na ndani yake kijana huyo aliona kwa mara ya kwanza jinsi DJ anavyoshika santuri kwa vidole na kuifanya itoe sauti ambayo aliyeirekodi hakuikusudia. Hakukuwa na mwalimu wa ufundi huo mjini kwake, hivyo alijifunza kwa kutazama, kukumbuka na kujaribu, na kufikia mwaka 1987 alikuwa ameunda kundi la Krush Posse, ambalo Muro na Go walikuwa miongoni mwa wanachama wake. Anatajwa mara nyingi kuwa DJ wa kwanza nchini humo kutumia vinanda vya santuri jukwaani kama ala kamili, akipiga pamoja na wanamuziki wa vyombo vya kawaida. Sifa hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa anayepiga na watu hana budi kuwasikiliza na kuwapisha.

Chombo kilichouwezesha ufundi huo kilikuwa cha Kijapani, ingawa matumizi yake mapya yalibuniwa Marekani. Kampuni ya Matsushita, kwa chapa yake ya Technics, ilikuwa imetoa mwaka 1970 kinanda cha santuri cha SP-10, ambacho mota yake ilizungusha sahani moja kwa moja badala ya kutumia mkanda wa mpira kama vilivyofanya vinanda vingi vya wakati huo. Ubovu wa mkanda ni kwamba huvutika na kuteleza pale mkono unapoishika santuri, kisha sahani huchelewa kurejea katika mwendo wake wa kawaida, ilhali mota iliyounganishwa moja kwa moja huwa na nguvu ya kutosha kuendelea kuzungusha sahani hata santuri iliyo juu yake inapokuwa imezuiwa. Mwaka 1979 ilitolewa Technics SL-1200MK2, ambayo hufikia mwendo kamili kwa sekunde 0.7 hivi tangu ilipowashwa, na ambayo ina kitelezi cha kuongeza au kupunguza mwendo kwa hadi asilimia 8, kiasi kinachotosha kuzilinganisha santuri mbili zenye mapigo yanayokaribiana. Kati ya sahani na santuri huwekwa duara la kitambaa laini linaloruhusu santuri kuteleza, na vinanda viwili huunganishwa na mikisa, yaani chombo cha kuchanganyia sauti, ambacho kitelezi chake cha katikati huifungua sauti ya upande mmoja huku kikiifunga ya upande wa pili.

Kukwaruza santuri ni kazi ya mikono miwili isiyofanya kitu kimoja. Mkono mmoja huisukuma na kuirudisha santuri chini ya sindano, na ndio unaoamua sauti ipande au ishuke kiasi gani, kwa sababu katika kinanda cha santuri mwendo na kimo cha sauti ni kitu kimoja: kinachoongezwa kasi hupanda, kinachocheleweshwa hushuka. Mkono wa pili uko kwenye kitelezi, nao huamua ni sehemu gani ya msogeo huo isikike na ipi ifichwe. Sheria hiyo ya mwendo na kimo ina matokeo yanayopimika kwa hesabu. Santuri iliyokusudiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika, ikichezwa kwa mizunguko 33 na theluthi moja, hubaki na asilimia 74 hivi ya mwendo wake, kiasi kwamba mapigo 120 kwa dakika huwa karibu 89, na sauti yote hushuka kwa nusutoni 5 na ushei, ambao ni karibu umbali wa kutoka do kushuka hadi sol. Ngoma iliyoshushwa namna hiyo huwa nzito na yenye mkia mrefu, kana kwamba imepigwa katika chumba kikubwa zaidi, na uzito wa aina hiyo ndio msingi wa rangi ya muziki wa Krush.

Jambo lingine lililoathiri mtindo huo ni sampla, yaani mashine inayonasa kipande cha sauti, kukihifadhi kama data na kukipiga upya kila kitufe kinapobonyezwa. Mashine za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno kwa vipimo vya leo. E-mu SP-1200 ya mwaka 1987, kwa mfano, ilihifadhi takriban sekunde 10 tu kwa jumla, na kila kipande kimoja hakikuweza kuzidi sekunde 2.5. Watayarishaji wa hip-hop walizoea kurekodi santuri kwa mwendo wa kasi ili ichukue nafasi ndogo, kisha kuirudisha katika mwendo wa polepole ndani ya mashine, na gharama ya ujanja huo ilikuwa sauti yenye chembechembe na kingo zilizochakaa, ambayo baadaye ilipendwa kwa ajili yake yenyewe. Uhaba wa kumbukumbu uliwafundisha watayarishaji wa kizazi hicho kuchagua, kwani mtu asiyeweza kuhifadhi wimbo mzima hulazimika kuamua ni pigo gani la ngoma, ni noti ipi ya besi na ni pumzi ipi ya tarumbeta inayostahili kubaki.

Katika midundo ya Krush ya miaka ya 1990, uchaguzi huo ulisukumwa mbali kuliko ulivyosukumwa na wengi wa wenzake. Mdundo wa kawaida wa hip-hop ya wakati huo ulijaza kipimo kizima: ngoma, besi, kipande cha piano au gitaa kinachojirudia bila kukoma, na juu yake sauti ya rapa. Krush mara nyingi huacha ngoma na besi pekee, kisha huleta sauti ya tatu kwa muda mfupi na kuiondoa kabla sikio halijaizoea. Mwendo anaoupendelea nao una sababu ya kiufundi ambayo haitajwi vya kutosha. Kwa mapigo 120 kwa dakika, muda kati ya pigo moja na jingine ni nusu sekunde, lakini kwa mapigo 90 muda huo hufikia sekunde 0.67, na tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ni kubwa kwa mkono unaopaswa kusukuma santuri, kuifunga kwa kitelezi, kuirudisha na kuifungua tena ndani ya pengo moja. Upole wa mwendo ulimpa mkono muda wa kusema jambo lenye mwanzo na mwisho, na kukwaruza kwake, tofauti na kule kwa mashindano ya kasi yaliyowavutia ma-DJ wengi, huwa ni sentensi fupi inayovutwa polepole na kuachwa ifie ndani ya mdundo.

Mtindo huo ulipata makao London, kwa Mo' Wax, kampuni ya kurekodi iliyoanzishwa na James Lavelle mwaka 1992, ambayo mwaka 1994 ilitoa albamu ya Strictly Turntablized na kuuweka wimbo wa Kemuri katika santuri moja na Lost and Found wa DJ Shadow wa California. Muziki huo karibu wote haukuwa na maneno. Kwa mtayarishaji asiyetegemea Kiingereza, kuliacha neno kulikuwa njia ya kuvuka mipaka bila mkalimani, lakini kulileta tatizo la kiufundi pia, kwa kuwa mdundo usiokuwa na rapa huchosha haraka endapo haubadiliki. Jibu la Krush lilikuwa kubadilisha vitu vidogo: pigo moja la ngoma linaondolewa katika kipimo cha nne, besi inanyamaza kwa nusu kipimo, mwangwi unaongezwa juu ya pigo moja tu na kukatwa. Albamu ya Meiso ya mwaka 1995, iliyowaleta marapa wa Marekani kama Black Thought na Malik B wa kundi la The Roots, ilithibitisha kwamba pengo alilomwachia mkono wake mwenyewe liliweza kukaliwa na sauti ya mtu mwingine.

Kazi inayostahili kuchunguzwa kwa makini kuliko zote ni Ki-Oku ya mwaka 1996, aliyoirekodi pamoja na mpiga tarumbeta Toshinori Kondo. Kondo, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2020, alitoka katika muziki wa ubunifu huru, ambao wapigaji wake hawaandikiwi noti wala kupangiwa mwendo, na tarumbeta yake ilipitishwa katika vifaa vya umeme vilivyoirefusha, kuirudufisha na kuipa mwangwi. Kumkutanisha mtu wa namna hiyo na mdundo wa sampla ni kukutanisha tabia mbili zinazopingana: kipande kilichonaswa hurudi vilevile kila mara, na hakiwezi kumfuata mpigaji anayeamua kuchelewa au kuhamia kimo kingine. Krush alilitatua jambo hilo kwa kupunguza mwenendo wa kodi, yaani mafungu ya noti zinazosikika pamoja, hata wimbo mzima ukaegemea kituo kimoja cha sauti, ili karibu kila noti ambayo Kondo angeichagua ipate mahali pa kusimama. Hata Sun Is Shining wa Bob Marley, uliomo katika albamu hiyo, unafaa kwa sababu wimbo wenyewe tangu asili una kodi chache. Udhaifu upo pia, na haifai kuufumbia macho: katika baadhi ya nyimbo mdundo unatulia mno, mabadiliko yote yakaachiwa tarumbeta, na mazungumzo ya watu wawili yakawa hotuba ya mmoja. Hata hivyo, pale ambapo mkono wa Krush unaitikia, albamu hiyo inafikia jambo ambalo muziki wa sampla ulikuwa haujalifikia mara nyingi, yaani kupumua pamoja na mpigaji aliye hai.

Albamu ya Zen ya mwaka 2001 iliupanua mwaliko huo kwa kumleta mpiga ngoma Ahmir Thompson na kundi la Zap Mama la Marie Daulne, mwimbaji aliyezaliwa Isiro, Kongo. Hatua nzito zaidi kiufundi ilikuja katika Jaku ya mwaka 2004, ambamo ala za kale za Japani ziliingia katika mdundo wa mashine. Shamisen ya Shinichi Kinoshita ni chombo cha nyuzi 3 ambacho uso wake umewambwa ngozi, kama gambusi la pwani ya Afrika Mashariki, na hupigwa kwa kipande kipana kinachogonga uzi na ngozi kwa pamoja, kwa hiyo sauti yake ni nusu noti, nusu ngoma. Ikiwekwa juu ya mdundo uliojaa, itagombana na ngoma ndogo inayolia kwa mlio mkali wa aina hiyohiyo, na ndiyo maana nafasi ilihitajika kuachwa mapema. Shakuhachi ya Shuzan Morita, ambayo ni filimbi ya mwanzi, ilileta ukaribu usiotarajiwa, kwa kuwa mpigaji wake huweza kupandisha na kushusha sauti kwa kubadilisha pembe ya kichwa na midomo, pasipo kuruka kutoka noti hadi noti, na mteremko huo wa sauti unafanana sana na ule unaotokea pale kidole kinapoichelewesha santuri. Ala iliyotumiwa na watawa kwa karne kadhaa na kinanda cha mwaka 1979 vilikuwa na sarufi inayokaribiana.

Baada ya Jaku, zaidi ya miaka 10 ilipita kabla ya albamu yake iliyofuata, Butterfly Effect ya mwaka 2015, ikafuatwa na Kiseki ya mwaka 2017 na Cosmic Yard ya mwaka 2018. Kiseki ina umuhimu wa pekee kwa kuwa ni albamu ya marapa wa Japani, na lugha yao inauwekea mdundo masharti tofauti na ya Kiingereza. Silabi nyingi za Kijapani, kama zile za Kiswahili, huishia kwa vokali, lakini Kijapani hakina mkazo wa nguvu unaoangukia silabi fulani kama ule wa Kiswahili ulio katika silabi ya pili kutoka mwisho. Vipande vya neno hupewa muda unaokaribia kulingana, na tofauti kati yao hufanywa kwa kimo cha sauti. Rapa wa Kiingereza anaweza kuipigilia silabi yenye mkazo juu ya ngoma, na neno likabeba sehemu ya mdundo, ilhali rapa wa Kijapani hutoa mfululizo ulio sawasawa zaidi, hivyo ngoma ndiyo inayolazimika kuonyesha uzito uko wapi. Mdundo wenye sauti chache na mapigo yaliyo wazi, ule ambao Krush alikuwa ameutengeneza kwa ajili ya mkono wake miongo miwili kabla, uliifaa lugha yake mwenyewe kuliko ulivyowahi kuifaa lugha ya marapa wa Meiso.